Dhamiri ya Kiongozi na Kura ya Chama



Nimeombwa niseme juu ya wajibu wa kiongozi pale chama chake kinapogawanyika kuhusu vita. Mifano ya karibu ipo, lakini ina wenyewe, na kila mmoja wetu angeisikiliza akiwa amevaa sare ya chama chake. Kwa hiyo nawapeleka Uingereza ya mwaka 1935, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Labour katika mji wa Brighton. Mkutano ulikuwa wao, lakini nchi iliyokuwa ikijadiliwa ni ya Kiafrika: Ethiopia, ile ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi.

Mapigano ya Wal Wal kati ya Waitaliano na Wahabeshi, Desemba 1934, yalikuwa yamempa Mussolini, mtawala wa Italia, kisingizio cha kuivamia nchi iliyowashinda Waitaliano pale Adwa mwaka 1896. Mfalme Haile Selassie hakukaa kimya. Alipeleka malalamiko yake Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa tunaoujua. Ethiopia ilikuwa mwanachama tangu 1923, na mkataba wa Shirikisho ulisema wazi kwamba mwanachama akishambuliwa, wenzake watamwekea mshambuliaji vikwazo vya uchumi, na ikibidi watatumia silaha. Swali likaiangukia Labour, chama kikuu cha upinzani. Je, tuitake serikali yetu iitekeleze ahadi hiyo hata kama itatuingiza vitani?

Kiongozi wa chama alikuwa George Lansbury, mzee wa miaka 76. Nataka tumfahamu vizuri mtu huyu, kwa sababu ni rahisi kumdharau mpinga vita kwa kudhani kwamba ni mwoga. Mwaka 1912 alikiacha kiti chake cha ubunge kwa hiari yake, akagombea upya ili wananchi wampigie kura juu ya jambo moja, haki ya wanawake kupiga kura. Akashindwa, na alikaa nje ya Bunge hadi 1922. Mwaka 1921, yeye na madiwani wenzake wa Poplar, mtaa wa maskini wa mashariki ya London, walikataa kupeleka kwenye mamlaka za jiji fedha zilizotokana na kodi ya majengo. Hoja yao ilikuwa kwamba mitaa maskini inabebeshwa mzigo usio wa haki huku mitaa ya matajiri ikipona. Madiwani 30 walifungwa, wanawake wakiwemo. Walitoka gerezani baada ya wiki kama sita, na sheria ikabadilishwa. Mwaka 1931 chama kilipoporomoka na kubaki na wabunge 52 tu, ni yeye aliyekishika kisife. Kwa umri ule angeweza kupumzika.

Lansbury aliamini, kwa imani yake ya Kikristo, kwamba kuua ni kuua, hata kuua kwa kibali cha Geneva. Hakuificha imani hiyo, waliomchagua walijua. Kwa muda mrefu haikuleta shida, maana chama kizima kilichukia vita, kikikumbuka vijana waliozikwa Ufaransa kati ya 1914 na 1918. Mussolini alipoanza kupitisha meli za askari katika Mfereji wa Suez, ndipo ilipodhihirika kwamba kiongozi na chama walikuwa wakitumia neno lilelile, amani, kwa maana mbili. Kwa chama, amani ilikuwa sheria inayolindwa kwa nguvu. Kwa mzee, nguvu yenyewe ndiyo iliyokuwa dhambi.

Alikwisha kutaka kujiuzulu kabla ya Brighton, lakini wenzake wakamsihi abaki. Hapa nasimama kidogo, ndugu zangu, kwa sababu jambo hili tunalifanya sana. Tunamwona kiongozi wetu haamini tena tunachokiamini, naye anatuambia kwa kinywa chake, nasi tunamwambia, mzee, kaa tu, uchaguzi uko karibu. Tunaiita huruma. Mimi naona ni kumtumia mtu. Wale wabunge walilitaka jina la Lansbury na mapenzi ya watu kwake, na walikuwa tayari aumie mbele ya umma ili wao wasipate tabu ya kutafuta mwingine.

Ikafika siku ya mjadala. Mzee aliposimama, wajumbe waliinuka wakamwimbia wimbo wa heshima. Akaeleza kwamba hawezi kuunga mkono azimio la kutaka vikwazo, kwamba anajua hali yake ni ngumu, na kwamba wakimwona hafai tena hatakuwa na kinyongo. Baada yake akapanda jukwaani Ernest Bevin, katibu mkuu wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, mtu aliyelelewa katika ufukara na ambaye ujanani aliendesha mikokoteni ya farasi huko Bristol. Bevin alikuwa ameona vyama vya wafanyakazi vikivunjwa Italia, kisha Ujerumani, kisha Austria. Kwake, kumwachia Mussolini njia kulikuwa ni kuwasaliti wafanyakazi wenzake waliokuwa magerezani. Hoja hiyo ilikuwa nzito na ya kweli. Lakini hakuishia kwenye hoja. Akamgeukia mzee mwenyewe, akamshutumu mbele ya halaiki kwamba anaizungusha dhamiri yake kutoka kikao hadi kikao, akiomba aambiwe aifanyie nini. Baadhi ya wajumbe walimzomea. Kura zilipohesabiwa, kwa idadi ya wanachama waliowakilishwa na wajumbe, vikwazo vilipata 2,168,000 dhidi ya 102,000.

Tarehe 3 Oktoba, mkutano ukiwa haujafungwa, majeshi ya Italia yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea. Tarehe 8 Oktoba Lansbury akajiuzulu uongozi, na nafasi yake ikachukuliwa na Clement Attlee.

Nani alikuwa na haki? Sitajificha nyuma ya maneno ya kuridhisha kila upande. Juu ya Ethiopia, Lansbury alikosea. Nchi iliyokuwa inakwenda kushambuliwa ilikuwa imesema yenyewe inachotaka. Haikuomba mtu aisikitikie. Iliomba mkataba uliosainiwa utekelezwe. Ukimwambia jirani anayevunjiwa mlango kwamba wewe huamini katika nguvu, umekwisha kumchagulia yeye namna ya kufa. Dhamiri ya mtu ina haki ya kumdai mwenyewe uhai wake. Haina haki ya kudai uhai wa Wahabeshi ambao hawakuulizwa.

Lakini juu ya uongozi, yule mzee aliyekosea alifanya jambo ambalo wengi wenye haki hawaliwezi. Alisema anachoamini mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumwondoa. Hakupindisha azimio kwa hila za vikao, hakuwatafutia wapinzani wake makosa ya nidhamu, hakuhama na kundi lake ili akiache chama magofu. Alishindwa, akaondoka kwenye kiti cha uongozi, na alibaki mwanachama na mbunge wa watu wa Bow na Bromley mpaka alipofariki Mei 1940. Na chama hakikumfukuza. Liangalieni hilo, hasa sisi wa Tanzania, ambako kwa Ibara ya 71 ya Katiba mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza na ubunge. Kwa sheria ya namna hiyo, kiongozi wa chama anaishika riziki ya kila mbunge wake mkononi. Mtu wa aina ya Lansbury angeweza kuwa mbunge miongoni mwetu, lakini angekuwa mbunge kimya, na ukimya katika jambo la vita ni hatari kuliko kelele.

Sasa niwageukie walioshinda, kwa sababu huwa tunamsimulia aliyeshindwa na kuwasahau wao.

Kura zaidi ya milioni mbili zilisema Ethiopia ilindwe, ikibidi kwa silaha. Wabunge wa Labour walirudi Bungeni na kuendelea kupinga bajeti za ulinzi mwaka hadi mwaka. Ni mwaka 1937 ndipo walipoacha. Walikuwa na sababu zao, hawakuiamini serikali ya waziri mkuu Baldwin na silaha hizo, na sababu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini ukimtaka mwenzio akamzuie mvamizi, kisha ukamkatalia silaha za kumzuia, umejichukulia sifa ya ushujaa bila kuilipia. Lansbury aliulipia msimamo wake kwa cheo chake. Ni nani katika wale waliompigia kura ya kumpinga aliyeulipia wa kwake?

Serikali nayo ilifanya mabaya zaidi. Vikwazo vilianza tarehe 18 Novemba, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, na havikugusa mafuta, ambayo bila hayo vifaru na ndege za Mussolini visingekwenda. Mfereji wa Suez, uliolindwa na Waingereza, ulibaki wazi kwa meli zake. Desemba ikafichuka kwamba waziri wa mambo ya nje, Samuel Hoare, alikuwa amekubaliana na Laval, waziri mkuu wa Ufaransa, kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia. Wananchi wa Uingereza wakakasirika, Hoare akajiuzulu, lakini mafuta yaliendelea kwenda. Gesi ya sumu ilimwagwa kutoka angani juu ya wanajeshi na raia. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936, na mwisho wa Juni Haile Selassie akasimama Geneva kuyakumbusha mataifa ahadi yao. Julai vikwazo vikaondolewa.

Na huku kwetu? Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati ule, alikuwa katibu wa chama cha marafiki wa Kiafrika wa Uhabeshi, kilichoongozwa na C.L.R. James. Walihutubia na kuandika, lakini katika ukumbi wa Brighton hawakuwa na kura. Miaka mitano baadaye gharama ilikuja kulipwa na watu ambao hawakuulizwa chochote. Askari wa Keya, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland katika jeshi la Waingereza, walipelekwa kupigana na Waitaliano kupitia Somalia hadi Ethiopia, na mwisho kule Gondar, Novemba 1941. Kazi ambayo mwaka 1935 huenda ingefanywa kwa kufunga mfereji na bomba la mafuta, ilifanywa kwa miili ya babu zetu. Siwezi kusoma habari za azimio la Brighton bila kuwafikiria.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mjadala wa vita ni wa wakubwa na wa siri, na kwamba chama chenye nidhamu huongea kwa sauti moja. Labour ilipasuka hadharani, na haikufa. Mwezi uliofuata mkutano wa Brighton ilipata viti 154 katika uchaguzi, na miaka kumi baadaye Attlee, akiwa na Bevin kama waziri wake wa mambo ya nje, alishika serikali. Kilichokidhoofisha chama hakikuwa ule mpasuko; ni azimio kutoandamana na vitendo.

Nasi si watazamaji. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania waliingia mashariki ya Kongo pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa mamlaka ya kushambulia, chini ya azimio namba 2098. Desemba 2017, katika shambulio moja huko Semuliki, tulipoteza vijana wetu wengi. Mimi naamini ilikuwa sawa kwenda Kongo, na nitalisema hilo mbele ya yeyote. Lakini nawauliza viongozi wa matawi na wa wilaya mliomo humu, wa vyama vyote: lini mlikaa na wanachama wenu mkajadili askari hawa wanakwenda kufanya nini, kwa muda gani, na akirudi mmoja katika jeneza familia yake itatunzwa na nani? Aliyepinga alipewa nafasi ya kusema? Na ninyi mliounga mkono, mmewahi kwenda kuzitembelea familia za vijana wale wa Semuliki?

Vikao vyenu vya robo mwaka vinakaribia. Liwekeni swali hilo katika ajenda, na mjumbe atakayesimama kupinga, mwacheni amalize.