Akiba Isiyojazwa

Msikilizaji, tutazame tezi ya shingo. Homoni ambayo tezi hii huitoa kwa wingi ni akiba tu. Kimeng'enya chenye seleniamu ndicho huinyofoa chembe moja ya madini joto, ikaanza kazi. Sasa, wapo wanaosema tugawe vidonge vya seleniamu, na hoja yao ina uzito: bila seleniamu kimeng'enya hulegea. Lakini tukumbuke Karawa, kaskazini mwa iliyokuwa Zaire. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba watu waliopungukiwa madini joto, walipopewa seleniamu pekee, homoni yao ilizidi kushuka, kwani kimeng'enya kilichangamka kikaila akiba isiyojazwa. Kwangu, madini joto yatangulie. Je, chumvi ya jikoni kwako inayo?