Sauti Isiyokatika: Wajibu Wetu katika Matangazo ya Radio kwa Njia ya Intaneti
(Mazungumzo mbele ya mafundi na watangazaji vijana, Ifakara)



Mada tuliyopewa ni namna ya kuifanya sauti ya radio ipatikane kwenye intaneti wakati uleule inapopatikana hewani, bila kukatikakatika. Huenda mtu akadhani kwamba hili ni jambo la mafundi peke yao. La hasha! Anayetangaza amewaahidi watu kwamba wakimtafuta watamkuta, na ahadi ni deni.

Tuangalie kwanza mahali tulipo. Bonde la Kilombero limelazwa katikati ya milima. Upande mmoja ipo Udzungwa, upande mwingine vilima vya Mahenge. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo kijiji kilichojificha nyuma ya mlima hakipati sauti hata kama kipo karibu. Aidha, watoto wa bonde hili wametawanyika: wapo Dar es Salaam, wapo Mbeya, wapo Maskati. Hao wote hawana njia ya kusikia habari za nyumbani isipokuwa intaneti. Mvua za 2023 na 2024 zilipoleta mafuriko katika mkoa wa Morogoro, likiwemo bonde hili, aliyekuwa mbali na wazazi wake alihitaji kujua hali ya mto kuliko kitu kingine chochote. Sauti ikikatika saa kama hiyo, anayeumia ni mtu.

Basi sauti hukatikia wapi? Safari yake ina vituo vinne: studio, njia ya kutoka studio, seva inayowagawia wasikilizaji, na simu ya msikilizaji mwenyewe. Tuvipitie kimoja kimoja.

Kwanza ni studio, na adui wa studio ni umeme. Bwawa la Kidatu lenye uwezo wa megawati 204 liko jirani nasi, na la Kihansi lenye megawati 180 haliko mbali, lakini kuishi karibu na mtambo hakumzuii mtu kukatikiwa na umeme, kwani nguzo ikianguka imeanguka. Jambo la faraja ni kwamba vifaa vya intaneti havili umeme mwingi. Kompyuta ya mkononi, modemu na mikisa ndogo huweza kutumia wati 40 au 50 tu. Betri moja ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100, hata ikitumiwa nusu yake tu ili isiharibike, huweza kuvibeba vifaa hivyo kwa saa kumi hivi. Kwa hiyo hata jenereta ya mtambo wa FM inapokawia kuwashwa, sauti ya intaneti haina sababu ya kunyamaza. Wakati wa masika, waya wa kupeleka radi ardhini usisahauliwe.

Pili ni njia ya kutoka studio. Msikae na njia moja. Wekeni modemu mbili za makampuni mawili tofauti, ya pili ishike kazi yenyewe pale ya kwanza inapokufa. Tena chunguzeni kama makampuni hayo hayatumii mnara mmoja, maana mara nyingi minara hukodishwa kwa makampuni kadhaa, na mnara ukizimika yote hunyamaza pamoja. Kamba mbili zilizofungwa kwenye kigingi kimoja ni kamba moja.

Tatu ni seva. Wapo wanaotaka wasikilizaji waje kuchota sauti moja kwa moja kwenye kompyuta ya studio. Hebu tufanye hesabu. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, kwa wasikilizaji 300, inahitaji kilobiti 19,200 kwa sekunde, yaani zaidi ya megabiti 19. Njia ya modemu ya mjini petu haitaweza kubeba mzigo huo kwa uhakika. Bali studio ipeleke sauti moja tu, ya kilobiti 64, kwa seva iliyo mahali penye njia pana, na seva hiyo ndiyo iwagawie hao 300.

Lakini seva hiyo iwe wapi? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana. Stesheni ambayo seva yake iko Ulaya hupeleka sauti kutoka Ifakara hadi Ulaya, kisha sauti hiyohiyo hurudi baharini kumfuata msikilizaji wa Mlimba. Kebo ikikatika, jirani hamsikii jirani. Seva ikiwa Dar es Salaam, sauti hupita katika Mkongo wa Taifa na haihitaji kuvuka bahari ili kumfikia Mtanzania. Kwa hiyo anayeweza awe na seva mbili: moja ya nyumbani kwa walio nyumbani, na nyingine ya nje kwa walio nje.

Programu za seva kama Icecast zina msaada mwingine. Sauti ya studio ikikatika, seva huwahamishia wasikilizaji kwenye sauti ya akiba bila wao kugusa kitu, na studio ikirudi huwarudisha. Sharti ni kwamba sauti ya akiba ibanwe kwa namna ileile na kwa kiwango kilekile cha sauti kuu, la sivyo simu nyingi zitakwama. Na tunasisitiza: sauti hiyo ya akiba ijitaje kuwa ni ya kurekodi. Kumwacha mtu aamini kwamba kipindi cha jana ni cha leo ni kumdanganya.

Nne ni msikilizaji. Yeye ananunua bando kwa jasho lake. Kwa MP3 ya kilobiti 128 atatumia megabaiti 57.6 kwa saa, lakini kwa sauti iliyobanwa kwa AAC ya kisasa ya kilobiti 48 atatumia 21.6 tu, na mazungumzo yatasikika vizuri. Sauti nyepesi pia haikwami haraka mtandao unapodhoofika.

Ndugu wapenzi, lipo jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Sauti ya intaneti huchelewa. Simu huweka akiba kidogo kabla ya kuanza kucheza, hivyo msikilizaji husikia sekunde 20, 30 au zaidi baada ya neno kusemwa. Katika mawaidha hakuna madhara. Lakini mfungaji anayeacha kula kwa kusikia adhana ya alfajiri simuni ameshapitwa. Na umbali huleta tofauti kubwa zaidi. Ifakara iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi mbili na nusu hivi, na kila uzi mmoja ni dakika 4, hivyo jua la Ifakara huchwa dakika kama 10 baada ya lile la Dar es Salaam. Stesheni inayopokea matangazo ya Dar es Salaam kwa intaneti na kuyarusha hapa, ikiiacha adhana ya magharibi ipite ilivyo, huwafuturisha watu jua lingali juu. Mtu wa Kigoma anayetusikiliza sisi naye atakosea kwa karibu nusu saa. Basi adhana itolewe na studio ya mahali penyewe, na mtangazaji ataje waziwazi kuwa ni wakati wa mji gani.

Mwisho ni usimamizi. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba yote ni salama huku waya wa mikisa umechomoka na wasikilizaji wanapokea ukimya mtupu. Hakuna taa inayoshinda sikio. Mteueni mtu aliye nje ya studio, mwenye simu ya kawaida na laini ya kampuni nyingine, asikilize asubuhi, mchana na usiku, na aandike daftarini kila mkatiko: saa, muda na sababu. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litawaambia pesa chache mlizo nazo zianze kununua betri au modemu. Aidha, kabla ya kuanza, ulizeni TCRA leseni inayowahusu, maana kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 ziliigusa kazi hii pia.

Tena mtambo wa FM msiudharau. Mto Lumemo ukifurika na minara ya simu ikizimika, radio ndogo ya betri ndiyo itakayobaki kumwonya mama aliye bondeni. FM ni shina, intaneti ni tawi. Tawi hutunzwa ili kivuli kifike mbali, lakini maji humwagwa shinani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wa amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.