VIAZI VITAMU NA MAFUTA YA MOTOKAA
Hotuba kwa wanachama, Tunduma



Sisi wa Tunduma tunaishi kando ya mafuta ya wenzetu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilikatiwa njia ya petroli, na hapo ndipo likajengwa bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, likakamilika mwaka 1968. Malori ya mafuta nayo tunayaona kila siku yakipanga foleni mpakani. Lakini petroli yetu bado yaja kwa meli kutoka ng'ambo, huku viazi vya Mbozi, mwaka wa mavuno mengi, vikikosa mnunuzi. Je, kiazi chaweza kuendesha motokaa?

Chaweza. Viazi huchemshwa vikapondwa, wanga ukageuzwa sukari kwa kimea, kisha hamira ikatiwa. Baada ya siku chache ule uji umekuwa pombe. Ukipashwa moto, spiriti hupanda kwa mvuke kwenye nyuzi 78, kabla ya maji kuchemka. Tunaona wengine wanacheka! Ndiyo, kazi hii mnaijua; lakini gongo sheria imeikataza, na hii ya motokaa si ya kunywa. Maji yaliyobaki sharti yaondolewe, ndipo ichanganywe na petroli. Jirani zetu wa Malawi wanatengeneza spiriti ya namna hii pale Dwangwa tangu mwaka 1982, kwa molasi ya miwa.

Tusidanganyane, hata hivyo. Tani moja ya viazi hutoa lita 120 hivi, na lita moja ya spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli. Kiwanda cha miwa huchoma makapi yake chenyewe. Kiazi hakina makapi ya kuchoma, basi kuni zitatoka wapi? Tukimaliza miti ya vilima vyetu tumepata hasara tupu. Tena kiazi ndicho chakula cha watoto mahindi yanapokwisha ghalani.

Kwa hiyo tunasema viende mtamboni vile vilivyokatwa na jembe na vilivyotobolewa na fukusi. Vikatwe, vianikwe juani kama michembe ya Unyamwezi, mtambo usilale njaa wakati wa kiangazi.

Na akija mtu kutaka kutununulia, tumwulize mbele ya mkutano: gunia kwa bei gani, moto wa mtambo atauwasha kwa nini, na mashapo, ambayo ni chakula kizuri cha nguruwe, yatarudi kwa nani? Majibu yake yaandikwe, naye atie sahihi.