Shamba la Nabothi na Sisi Tuliorudi
*Neno lililotolewa na mwinjilisti katika ibada ya maadhimisho, Cibitoke, Bujumbura*

Nawasalimu ninyi mliotoka Uvira, Kigoma na Kigali, pamoja na wenyeji wetu wa hapa Cibitoke. Cibitoke ya Bujumbura, siyo ile ya mkoani!

Andiko letu ni 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la Nabothi. Akamwahidi lingine zuri zaidi, au fedha. Nabothi akakataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Sisi Warundi tunamwelewa haraka. Itongo siyo udongo tu. Ndipo walipozikwa wazee, ndipo majirani wanapojua wewe ni mtoto wa nani.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, Tanzania. Baba alikimbia mwaka 1972. Jioni, tukipukuchua mahindi, alitufundisha shamba la kwao Rumonge kama mtu anavyokaririsha watoto mistari ya Biblia: kijito upande huu, miyenzi upande ule, michikichi ya babu katikati. Tulijua mipaka ya mahali ambapo hatujawahi kukanyaga.

Mwaka 2008, wengi walipokuwa wanarudi, na mimi nikarudi. Nikamkuta mama mjane analima pale, na watoto wake wamezaliwa palepale. Wapendwa, moyoni nilikwisha kumwita Ahabu. Kumbe marehemu mume wake alinunua, na karatasi anayo. Hakumwua mtu. Mimi nasema hapa ni kwetu, yeye anasema hapa ni kwetu, na hakuna anayedanganya.

Mashauri ya namna hiyo yalikuwa mengi, hata serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006. Sisi alitusaidia mzee jirani, mmoja wa bashingantahe wa kilima. Alitutembeza polepole: hapa palikuwa na mti, hapa babu yako alipanda mchikichi. Yote aliyosema baba yalikuwa kweli, na yule mama akasikia kwa masikio yake. Tukaomba, tukagawana nusu kwa nusu. Sitaficha, iliniuma. Lakini leo nikipita, watoto wake wananiita mjomba.

Yule mzee amekwisha kulala. Angelala kabla sijarudi, labda mpaka leo tungekuwa mahakamani.

Kwa hiyo ninyi ndugu wa ushirika huu mnaoshtakiana kwa ajili ya itongo, someni 1 Wakorintho 6. Siyo kila anayekalia shamba lako ni Ahabu. Na wewe ambaye wazazi wako wako hai, usingoje mazishi. Likizo hii mpeleke mtoto kilimani, mzee amtembeze mpakani, jirani naye awepo. Andikeni, mtie sahihi wote.

Mithali 22:28 inatukataza kuondoa alama ya mpaka waliyoiweka baba zetu. Sasa utaiachaje mahali pake, kama hujui iko wapi?