Mvua za Vuli Hutoka Bahari Ipi?

Wasikilizaji wangu, kila mwezi hutolewa Nairobi, Dar es Salaam, Marekani na Australia taarifa ndefu za hali ya hewa ya dunia, zenye ramani na hesabu za joto la bahari, mgandamizo wa hewa, mwendo wa pepo na kadiri ya mvua. Na kila mwezi, taarifa hizo zikisha kupita mikononi mwa sisi wasomaji wa habari, aghalabu husalia jina moja tu la kufika masikioni mwenu, nalo ni El Niño. Likitajwa kuwa laja, watu huingoja gharika. Likitajwa kuwa limekwenda zake, watu hustarehe. Maoni yangu leo ni kwamba desturi hii ni mbovu, tena hutudhuru, maana hutufanya tuikodolee macho bahari ya mbali, ilhali bahari yetu wenyewe tumeipa kisogo.

Wazee wa pwani hawakuwa na kasoro hiyo. Manahodha wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa walijua kwamba kaskazi, ivumayo takriban toka Desemba hata Machi, ndiyo iletayo majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kwamba kusi ndiyo iyarudishayo. Wakazihesabu siku kwa makumi kuanzia Siku ya Mwaka, wakafahamu kumi lipi ni la kutweka tanga na kumi lipi ni la kukipandisha chombo pwani. Elimu yao ilikuwa ya Bahari ya Hindi tangu mwanzo wake hata mwisho. Walakini iliwajulisha tu majira yatakuja lini. Haikuwajulisha kama vuli ya mwaka fulani itakuwa ya neema au ya ukata.

Aliyelikabili swali la namna hiyo kwa hesabu alikuwa Mwingereza Gilbert Walker, aliyeiongoza idara ya hali ya hewa ya India toka 1904 hata 1924, katika nchi iliyokuwa imekwisha kuonja njaa za kutisha baada ya mvua kukosekana mwaka 1877 na tena 1899. Walker alikusanya vipimo kutoka pembe nyingi za dunia, akaona kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Bahari ya Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, na ukishuka kule hupanda huku, kama vitanga viwili vya mizani. Wengi katika zama zake hawakumsadiki, kwani hakuweza kueleza sababu. Sababu ilikuja kubainishwa 1969 na Jacob Bjerknes, Mnorwe aliyehamia Marekani: pepo za mashariki zivumazo juu ya Pasifiki zikilegea, maji ya moto yaliyorundikana upande wa Asia huenea kuelekea Peru, na mawingu ya mvua huyafuata. Siku hizi eneo moja la katikati ya bahari ile hupimwa daima, na joto lake likizidi wastani kwa nusu ya digrii na kudumu miezi kadhaa, ndipo linapotolewa tangazo la El Niño ambalo sisi hulichukua mbiombio na kulisoma hewani.

Hayo yote ni kweli wala siyapingi. Lakini hebu tuutazame mwaka 1961. Katika miezi ile ya mwisho ya mwaka, ambapo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kupokea uhuru wake tarehe 9 Desemba, zilinyesha Afrika Mashariki mvua ambazo mfano wake haukuwa umeonekana kwa miaka mingi. Ziwa Viktoria likaanza kupanda, likaendelea kupanda hata 1964, likawa limeinuka zaidi ya mita 2, na kina hicho hakikupitwa mpaka Mei 2020. Mwaka 1961 haukuwa na El Niño. Pasifiki ilikuwa shwari.

Basi mvua zile zilitoka wapi? Jawabu lilichelewa mno kupatikana. Mwaka 1999 wataalamu waliofanya kazi Japani, Saji na Yamagata pamoja na wenzao, walieleza kwamba Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake, inayojulikana kwa jina la daipoli. Katika miaka ya kawaida, wakati wa vuli pepo za ikweta huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, zikayasukuma maji ya moto hata pwani ya Sumatra. Hewa yenye unyevu hupaa huko, mvua hunyesha huko, na hewa kavu hushuka upande wetu. Lakini kuna miaka ambayo, kuanzia Mei au Juni, maji ya baridi huibuka kutoka vilindini karibu na Sumatra na Java, pepo zikageuka zikavuma kuja kwetu, na joto likajikusanya kwenye bahari iliyo mbele ya Somalia, Kenya na Tanzania. Hapo mawingu hupaa kwetu, na vuli huwa nzito. Hali hiyo hufikia kilele baina ya Septemba na Novemba, kisha kaskazi ikiingia huivunja, ikaisha kana kwamba haikuwapo. Mizani ikielemea upande wa pili, maji ya moto yakabaki Indonesia, vuli yetu hudhoofika.

Tukizipima bahari hizi mbili kwa ushahidi wa miaka, hukumu inakuwa dhahiri. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zilizo na nguvu kupita zote tangu vipimo vianze. Watu walitarajia kurudi kwa maafa ya mafuriko ya 1997, na mvua zikanyesha vizuri mahali pengi, lakini zile za 1997 hazikurudi, kwa kuwa safari hii daipoli ilikuwa dhaifu. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na la kutisha, bali daipoli ilikuwa kati ya kubwa zilizopata kupimwa: mito ilifurika, mlima ukaporomoka Pokot Magharibi mwezi Novemba na kuua watu kwa makumi, na wakati uleule Australia, iliyo upande uliokauka wa mizani, ilikuwa ikiungua kwa moto wa nyika. Sisemi kwamba bahari hizi hazijuani; mara nyingi El Niño huichochea daipoli, na mwaka 1997 na 2023 zilikuja pamoja, tukaona yaliyoonekana. Lakini zikitengana, vuli yetu hufuata Bahari ya Hindi.

Na ukame vilevile. Toka mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifululiza kukosekana katika sehemu kubwa za Somalia, kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia. La Niña, ndugu baridi wa El Niño, ilikaa miaka mitatu mfululizo, na mwaka 2022 daipoli nayo ikaelemea vibaya upande wa mashariki. Mifugo ilikufa kwa mamilioni.

Mintarafu ya masika sina mengi ya kusema, kwani elimu yenyewe hapo bado ni haba: bahari hizi mbili zina mamlaka kidogo juu ya mvua za Machi hata Mei, ambazo aghalabu hutii wimbi la mawingu liendalo mashariki kuizunguka dunia kwa muda wa siku 30 hadi 60, lililoelezwa na Madden na Julian mwaka 1971. Ndiyo maana utabiri wa masika huteleza zaidi kuliko ule wa vuli, na anayewaahidi yakini ya masika miezi mitatu kabla anawapumbaza.

Liko pia jambo la asilimia, ambalo sisi watangazaji tumezoea kulimeza. Bahari za leo zimejaa vyombo vya kupimia, takriban 4,000, vinavyozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 vikiwa na vipimo vyao. Hata hivyo, bado wenye elimu hawasemi kwamba mvua itazidi, bali husema uwezekano wake ni kiasi gani. Wakisema asilimia 55 ya kuwa juu ya wastani, maana yake ni kwamba katika kila vuli 100 za namna hiyo, 45 hazitakuwa hivyo. Mkulima akielezwa haya hawezi kushindwa kuyafahamu. Yeye huishi kwa kubahatisha kila mwaka. Anayepungukiwa na ufahamu ni yule anayemsomea nusu ya taarifa.

Utabiri wa vuli hutangazwa kila mwaka karibu na mwisho wa Agosti. Utakapotoka, msituulize kwanza habari za El Niño. Tuulizeni Bahari ya Hindi imeelemea upande gani, na kwa asilimia ngapi. Tusipowasomea hayo, tuandikieni mtudai, kwa sababu taarifa tunazo mezani.