Jasho la Mmoja, Mfuko wa Wengi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Mji wa Kale, Mombasa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ombi ambalo vijana wetu wameleta mbele ya halmashauri. Wao wataka kwenda kwa miguu kutoka hapa hadi Voi, na watu wauchangie mfuko wetu wa wagonjwa kwa ajili ya safari hiyo. Baadhi ya wazee wamelipokea ombi hili kwa shaka, na shaka yao si ya kupuuzwa. Wameuliza: mwendo na sadaka vina uhusiano gani? Na mtu kujitaabisha hadharani, je, si riya?

Katika kisiwa hiki mambo mengi makubwa ya kheri yalisimamishwa kwa mali ya wenye mali. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1916, jina lake limebaki katika shule iliyojengwa na mwanawe kwa ukumbusho wake. Lakini asiye na mali atoe nini? Ana miguu yake, ana pumzi yake, ana subira yake. Hivyo ndivyo awezavyo kuviweka rehani mbele ya majirani, akawaambia: mimi natoa jasho, nanyi toeni shilingi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Bwana Zachary Kimotho, daktari wa mifugo. Mwaka 2004 alipigwa risasi na wanyang'anyi wa magari, akaumia uti wa mgongo, asiweze tena kutembea. Mwezi wa Juni 2012 aliondoka Nairobi katika kiti cha magurudumu, akikiendesha kwa mikono yake mwenyewe, akielekea Afrika Kusini, mwendo wa kilomita 4,000 hivi. Kwa nini Afrika Kusini? Kwa sababu huko ndiko yalikopatikana matunzo ya kumwezesha mtu aliyeumia hivyo kujitegemea tena, hali hapa kwetu nafasi zilikuwa chache mno. Chama cha waliopooza kilikusudia kukusanya shilingi milioni 250 ili kituo kijengwe nchini. Kikawaambia Wakenya: changeni, ili Zack arudi nyumbani.

Tazameni hekima iliyomo. Barabara aliyoishika ndiyo ile ambayo kila mgonjwa wa namna yake angelazimika kuishika. Aliyemwona kandokando ya lami, magari yakimpita, hakuona ushujaa peke yake. Aliona upungufu wa nchi. Watu wakachanga, wengi kwa simu zao, kila mtu kwa kadiri yake. Bwana Kimotho hakufika Afrika Kusini, na kutofika huko ndiko kulikokusudiwa.

Wako na wengine. Tangu mwaka 2002 watu wamekuwa wakipanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, kukusanya fedha za kupigana na Ukimwi nchini Tanzania. Mwaka 2013 Bwana Jim Nyamu alitembea kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi kuwatetea ndovu. Na njia hiyo, kama mjuavyo, hupita Tsavo, makao ya ndovu wenyewe.

Sasa nirudi kwenye suala la riya. Dini yatufundisha kuwa sadaka ya siri ina ubora wake, lakini haikuikataza ile ya dhahiri. Basi naona tuyagawe mambo haya. Anayetaabika na aonekane, maana haja isiyojulikana haichangiwi. Anayetoa na asitajwe, si jina lake wala kiasi chake, ili maskini asione haya na tajiri asijivune. Ama hesabu ya jumla, hiyo isifichwe hata senti moja, bali isomwe hapa mbele yetu sote na kubandikwa mlangoni.

Pia yatupasa kuchunga roho za watu. Barabara ya Voi ina malori mengi ya bandarini, mchana na usiku. Kheri inayomwacha mama akimlilia mwanawe si kheri ya kutafutwa.

Kwa hiyo natoa shauri jingine. Mfuko wetu ni wa wagonjwa, na taabu ya kwanza ya mgonjwa katika mji huu ni vichochoro vyenyewe. Gari haliingii; mtu hubebwa na jirani zake hadi penye barabara. Vijana wetu na wabebe machela, mwenzao mmoja amelala juu yake, kutoka Ngome ya Yesu, wapite vichochoroni hadi Hospitali Kuu ya Pwani, kisha warudi, wakipokezana kwa siku nzima, mchana na usiku wake. Anayedhani kazi hiyo ni nyepesi kuliko kwenda Voi na ashike mpini mmoja tangu adhuhuri hadi alasiri. Na kila mlango watakaopita, mwenye nyumba hatauliza wanafanya nini. Atakumbuka siku aliyobebwa mzazi wake.

Wazee wangu, vijana hawa hawakuomba sifa, wameomba kazi. Tukiwakatalia, mfuko utabaki ulivyo, na mgonjwa atakayekuja kesho atatukuta na maneno matupu. Naomba mkutano huu uamue leo kabla hatujatawanyika.

Wabillahi tawfiq.