Kazi ya Kampuni ya Programu Huanza Baada ya Kukabidhi

Maelezo ya mmiliki wa kampuni ndogo ya programu za kompyuta mbele ya vijana na wafanyabiashara wa Kamakis, Ruiru.

Nimeombwa nieleze namna ya kuendesha kampuni ya programu ikasimama. Najua wengine mnatarajia habari za matajiri wa Marekani. Mimi nitaanzia hapa karibu, Thika.

Mnamo Oktoba 2005, M-PESA ilianza kujaribiwa mahali patatu tu: katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika. Mawakala walikuwa wanane na wateja takriban 500. Programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza kwa niaba ya Vodafone, na haikukusudiwa kutuma pesa nyumbani. Ilikusudiwa wateja wa Faulu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Lakini watu walipoizoea wakaitumia walivyoona wenyewe. Huyu analipia mwenzake mkopo. Yule anaweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa afikapo, asije akaibiwa njiani. Wafanyabiashara nao wakaanza kulipana. Upande wa mikopo ndio uliosumbua, maana kulinganisha hesabu za mfumo mpya na vitabu vya Faulu kulikuwa kazi nzito. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia jaribio hilo, wangeweza kulalamika kwamba wateja wanaitumia vibaya. Badala yake walifuata walichokiona, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutumiana pesa.

Jaribio hilo lilichukua miezi mingi, na waliolisimamia walikuwa wakitazama wateja wanavyoitumia. Swali langu kwenu ni hili: katika kampuni yako, nani analipwa kutazama?

Tutoke Thika tuje hapa kwetu, kwenye bypass. Tuseme umemuuzia mwenye hoteli ya nyama choma mfumo wa mauzo, shilingi 150,000, akakulipa zote. Umefurahi. Jumamosi saa mbili usiku, magari yamejaa hadi barabarani, na keshia anapiga simu: malipo ya wateja hayaonekani, mhudumu ameshafunga bili ya meza ambayo haijalipa. Utaenda? Ukienda, unaenda kwa pesa gani? Zile 150,000 zililipa mishahara ya miezi miwili, zikaisha. Usipoenda, hiyo habari itafika hoteli ya pili kabla mbuzi hajaiva.

Ndiyo maana mimi huwaambia vijana waache kuuza mfumo kama mtu anavyouza kiti. Toza ada ya kila mwezi. Wateja 40 wakilipa 4,000 kila mmoja, una 160,000 kila mwezi, na ukiamka tarehe moja unajua mishahara itatoka wapi. Mteja naye hatafuti mtaji mkubwa kwa mpigo. Ubaya wake ni kwamba mwaka wa kwanza utakuwa wa njaa, kwa sababu 40 hawaji siku moja, na wengine watalipa leo wakakwepa mwezi ujao. Weka katika mkataba ni siku ngapi za kuchelewa kabla huduma haijasimamishwa, na uweke saa ambazo simu itapokelewa. Kwa mwenye choma, msaada wa Jumatatu hadi Ijumaa hauna maana. Yeye biashara yake ni wikendi.

Jambo la pili nitalisema polepole, kwa sababu hapa ndipo kampuni nyingi changa zinapopoteza mali bila kujua. Programu ni ya nani? Kwa miaka mingi Safaricom ilikuwa ikilipa Vodafone ada ya kutumia M-PESA, kwa sababu jina na mfumo vilikuwa vya Vodafone. Ilikuwa 2020 ndipo Safaricom na Vodacom walipovinunua kwa pamoja. Miaka kumi na mitatu tangu uzinduzi, na mwenye mali alikuwa bado anapokea.

Sasa rudi kwako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta. Lakini kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Yaani Sacco ikikuagiza uiandikie mfumo, na hamkuandikiana lolote kuhusu umiliki, mfumo ni wa Sacco. Ukiuchukua ukaurekebisha kidogo na kuiuzia Sacco ya pili, unauza mali ya mwenyewe. Sentensi moja katika mkataba inatosha: mteja amepewa haki ya kutumia, umiliki unabaki kwa kampuni. Mlipe wakili aisome mara moja; ni nafuu kuliko kesi. Na kwa wale mnaompa rafiki kazi ya wikendi akuandikie sehemu ya mfumo, hapo aliyeagiza ni wewe. Hata hivyo andikianeni, urafiki ubaki.

Kuna na data. Mfumo wa Sacco au wa zahanati umebeba maisha ya watu. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data ikivuja na watu wakaweza kudhurika, mwenye data ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Wewe unayemtunzia una saa 48 za kumwambia yeye. Huwezi kutimiza saa hizo ikiwa nywila zote anazo kijana mmoja aliyeacha kazi mwezi jana na simu yake haishiki. Nywila ziwe za kampuni.

Nimalizie na zabuni, kwa kuwa maafisa wako hapa. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jisajilini. Ila nasema wazi, wakubwa mnisamehe: kampuni ya watu sita haiwezi kungoja malipo mwaka mzima. Kazi ya serikali ichukue ukiwa tayari na wale wa kila mwezi wanaolipa mishahara. Na maafisa wetu, ankara ya kijana ikifika mezani, tafadhali isikae chini ya rundo.

Nipokee maswali. Tuanze na mama wa hadiweya pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja 4,000.